Mshindani wangu alikuwa faili moja la Word

Mwaka 2021 mdogo wangu wa kike alimaliza shahada ya uhasibu, akaanza kuzunguka na bahasha ya kaki kama wenzake. Akiona tangazo la kazi anatoka Kimara, anapanda daladala hadi Ubungo, anaingia kwenye steshenari moja ya kontena karibu na barabara. Elfu tano kuandikiwa CV. Mia tano kwa kila ukurasa wa kuchapa. Elfu moja nyingine kesho yake anaporudi kurekebisha namba ya simu iliyokosewa.

Siku moja nikaisoma hiyo CV. Juu kabisa CURRICULUM VITAE, herufi nene, zimepigiwa mstari. Dini ipo, hali ya ndoa ipo. Mwishoni kuna mambo anayoyapenda: kusoma Biblia, kutazama mpira, kusafiri. Mdogo wangu hajawahi kutazama mpira, hata wa fainali. Nilipomuuliza akasema, "Kaka, nilikuta yameshaandikwa humo, nikaona aibu kumwambia afute." Yalikuwa mabaki ya mteja wa zamani. Kijana wa steshenari alikuwa na faili moja la Word, analifungua, anabadilisha jina, shule na miaka, anachapa, anamwita anayefuata.

Nilicheka sana. Wakati huo nilikuwa natengeneza programu kwenye kampuni ya usafirishaji wa mizigo hapa Dar es Salaam, na kicheko kilipokwisha nikawaza wanavyowaza watu wengi wa fani yangu: hiki ni kitu kidogo, wikiendi mbili kimekwisha. Tovuti ambayo mtu anajaza taarifa zake kwa simu, anachagua muundo, analipa, anapata CV safi.

Wikiendi mbili ziligeuka miaka miwili na ushee, zikanila shilingi milioni sita na laki mbili nilizozihesabu, ukiacha nilizoogopa kuzihesabu. Jina la tovuti sitalitaja, hapa sitafuti wateja. Naandika kwa sababu kila mwezi napigiwa simu na kijana anayetaka kujenga kitu kama hiki, na nimechoka kurudia maneno yale yale.

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa sahihi nusu. Nilifanya utafiti wa washindani. Nikafungua Zety, Resume.io, Novorésumé, nikafungua Canva, nikafungua Europass ya Umoja wa Ulaya ambayo ni bure kabisa. Nikatengeneza jedwali: nani ana violezo vingapi, nani anatoza nini, nani anakuachia ujaze kila kitu kwa saa nzima halafu anakudai pesa kwenye kitufe cha kupakua. (Mchezo huo ni maarufu. Unalipa kidogo kwa majaribio, ukisahau kujitoa wanaendelea kukata kwenye kadi.) Sokoni kulikuwa kumejaa, lakini nikajifariji kwa maneno ambayo kila anayeanza biashara ameshayasikia, kwamba penye watu wengi pana fedha. Wengi wao hawana Kiswahili, hawapokei M-Pesa, mimi ninavyo vyote viwili. Nikaona nimeshashinda.

Kwenye jedwali lile kulikuwa na majina kumi na moja. Kijana wa Ubungo hakuwemo.

Mke wangu aliliona mapema kuliko mimi. Usiku mmoja alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama nilivyopanga bei, akauliza, "Hao wasio na kazi, hela ya kukulipa watapata wapi?" Nikamjibu kwamba tatizo ni bei, nitaweka ndogo. Akasema sawa, akaenda kulala. Swali lake nililikwepa mwaka mzima, na ndilo lililokuwa swali lenyewe. Anayenunua CV, kwa tafsiri yake, hana kipato. Anaihitaji mara mbili tatu, kisha ama anapata kazi anakuacha, ama anakata tamaa anakuacha. Mteja mwema ni yule asiyerudi. Biashara ya namna hiyo inakulazimisha kutafuta wateja wapya kila siku, na kutafuta wateja ndiyo gharama kubwa kuliko zote.

Nilijenga kuanzia Februari hadi Agosti 2022, usiku na siku za Jumapili. Nikatengeneza violezo ishirini na vinne. Vingi vilikuwa vya safu mbili: upande wa kushoto rangi ya bahari, picha ndani ya duara, na vile vistari vya kuonyesha ujuzi, Excel asilimia 80, uongozi asilimia 90. Vilipendeza. Niliwaonyesha marafiki, wakasema vimekaa kizungu, nikachukua kama sifa.

Kisha nikampelekea mama mmoja ninayemfahamu, afisa rasilimali watu kwenye kiwanda. Alitazama kwa miwani, akaniuliza: "Mwanangu, asilimia themanini ya Excel ni ipi? Ishirini iliyobaki ni nini?" Sikuwa na jibu. Akaniambia anapokuwa na bahasha mia tatu mezani anatafuta vitu vitatu tu: elimu, alifanya wapi na kwa miaka mingapi, namba ya simu. Kama inabidi azungushe macho kuvitafuta, anaiweka pembeni. Alinifundisha na jingine bila kujua. Alijaribu kunakili jina na namba kutoka kwenye PDF yangu kwenda kwenye orodha yake, maandishi yakatoka yamechanganyika, mstari mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia. Kampuni kubwa zinazopokea maombi kwa programu za kuchuja zinasoma hivyo hivyo, maandishi matupu bila urembo. Toka siku hiyo, kila anayenionyesha CV namwambia afanye jaribio hilo: chagua maandishi yote ya PDF, nakili, bandika kwenye Notepad, usome. Kama wewe mwenyewe huelewi, mashine nayo haielewi. Nilifuta violezo ishirini na kimoja. Vitatu vilivyobaki, ukweli, viwili vinafanana.

Kosa lililoniaibisha zaidi lilikuwa la kunakili desturi za watu. Ushauri wote niliousoma ulikuwa wa Marekani: CV iwe ukurasa mmoja, usiweke wadhamini. Nikaujenga ndani ya programu. Ukizidisha ukurasa mmoja, onyo jekundu linatokea. Sehemu ya wadhamini sikuiweka kabisa. Siku ya tatu baada ya kuzindua nikapata ujumbe wa WhatsApp: "Kaka, nimelipa, ila referees naweka wapi?" Wa pili. Wa tano. Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma utakuta masharti yale yale: maelezo binafsi yanayojitosheleza, anwani na namba za simu zinazotegemewa, na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Watatu. Na "yanayojitosheleza" si ukurasa mmoja. Nilikuwa nimewauzia watu CV ambayo ingewatupa nje kabla haijasomwa, na nilikuwa nimewawekea onyo jekundu wasijiokoe. Niliwarudishia fedha watu kumi na wanne. Mmoja alikataa, akasema niongeze tu sehemu, atasubiri.

Nikakaa chini nikafungua akaunti yangu mwenyewe kwenye Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti hiyo ya kuombea kazi za serikali, nikajaza kila kitu kama mwombaji. Hapo ndipo nilipopata wazo moja zuri katika mwaka huo wote. Portal inataka taarifa kwa vipengele: taarifa binafsi, elimu, taaluma, lugha, uzoefu wa kazi, mafunzo na warsha, ujuzi wa kompyuta, wadhamini. Nikapanga fomu yangu kwa mfuatano ule ule, ili mtu akimaliza kwangu awe na karatasi ya kunakilia kule bila kuruka ruka. Hakuna tovuti ya nje ingejua kufanya hivyo, wala isingejali. Kama unaingia kwenye soko lililojaa, anza na kujaza ile fomu ambayo mteja wako atakwenda kuijaza baada ya kutoka kwako. Mimi nilifanya hivyo miezi minane nikiwa nimechelewa.

Kuhusu uzinduzi wenyewe sina mengi. Wiki ya kwanza waliingia watu arobaini na mmoja, thelathini kati yao nawajua kwa majina. Nikatia shilingi laki tatu na nusu kwenye matangazo ya Instagram na Facebook. Walijiandikisha mia mbili na kumi na wawili. Waliolipa, tisa. Bei ilikuwa elfu tano, nikaishusha hadi elfu tatu, nikaishusha hadi elfu mbili, na idadi ya wanaolipa haikupanda kwa kiasi cha kufidia nilichopunguza. Mtu asiyetaka kukulipa elfu tano hataki kukulipa elfu mbili pia. Hilo ningelijua kwa kuwauliza watu kumi kwa mdomo, bila matangazo.

Malipo ndiyo yaliyonizeesha. Nilidhani kupokea fedha kwa simu ni kuunganisha tu. Kwanza unatakiwa uwe umesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uwe na TIN ya mlipakodi na leseni ya biashara, kisha kampuni ya kati inayokuunganisha na mitandao ya simu ipitie nyaraka zako. Wiki saba. Ombi langu kwenu: anzeni na hilo, programu ifuate. Mimi nilimaliza programu nikakaa natazama ukuta. Na katika wiki zile saba ningeweza kutumia Lipa Namba ya kawaida, ile namba ya kupokelea malipo ya simu dukani, mteja atume, nithibitishe kwa mkono. Kwa wateja watano kwa siku hakuna aibu kufanya kwa mkono.

Ilipounganishwa, likaja jipya. Mteja anabofya, ombi la malipo linatokea kwenye simu, anaweka namba ya siri, fedha inakatwa. Kisha mtandao wa simu unatakiwa kutuma taarifa kwangu kwamba imelipwa. Kuna siku taarifa haiji. Au inakuja baada ya saa tatu. Au inakuja mara mbili. Usiku mmoja wa Novemba, saa tano na nusu, dada mmoja alikatwa fedha akabaki anatazama ukurasa unaozunguka, na dirisha la maombi yake lilikuwa linafungwa saa sita kamili. Akapiga simu. Nilikuwa nimelala. Niliziona simu zake tisa asubuhi. Ya kumi ulikuwa ujumbe: "Basi Mungu atakulipa." Maneno hayo yanaweza kuwa baraka au laana, na nilijua alimaanisha lipi.

Tangu hapo nilibadilisha utaratibu. Mtu akibofya kulipa, anapata CV yake hata kama uthibitisho haujafika, na mimi ndiye ninayebeba hatari ya kutolipwa. Katika miezi sita iliyofuata waliopakua bila kulipa walikuwa wachache kiasi kwamba niliona aibu kwa vile nilivyokuwa nawashuku watu. Na kwenye ukurasa nikaweka maandishi makubwa: kama una dirisha linalofungwa leo, tupigie. Simu zikapungua. Ajabu, lakini ndivyo.

Jambo jingine la Novemba hiyo ya 2022 ni kwamba niliacha kazi. Nilikuwa nimeona kama hesabu zinaanza kupanda, na nilikuwa na silaha ambayo niliamini hakuna aliye nayo: sentensi mia sita nilizoziandika kwa mkono, kwa Kiswahili na Kiingereza, za kuelezea majukumu ya mhasibu, muuguzi, dereva, mwalimu, fundi umeme. Unachagua kazi yako, sentensi zinajipanga. Miezi mitatu ya usiku ilikuwa humo. Nikaandika barua ya kuacha kazi katikati ya mwezi. Tarehe 30 ikatoka ChatGPT, akili ya mashine inayokuandikia unachoiomba, bure.

Sikuelewa uzito wake mara moja. Nilielewa Januari, mdogo wangu yule yule aliponionyesha kwenye simu yake aya nzima ya utangulizi wa CV, imeandikwa vizuri kuliko sentensi zangu mia sita. Nikaenda kukaa nje barazani. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, nilikuwa na akiba ya miezi minne, na kitu nilichokuwa nakiuza mtu amekigawa.

Niseme hapa, kwa sababu vijana wananiuliza sana: je, hiyo akili ya mashine imeua biashara hii? Imeua kuuza maneno. Haijaua mengine. Zile CV zinazotoka humo nimeziona mamia sasa. Kijana aliyemaliza chuo mwezi uliopita anajiita kiongozi mwenye rekodi ya mafanikio. Kila mtu anafanya kazi chini ya shinikizo. Yule mama wa kiwandani ananiambia sasa anazijua kwa kuzitazama tu, na swali lake la kwanza kwenye usaili ni, "Hii sentensi ya pili hapa, nieleze ulifanya nini hasa." Wengi hunyamaza. Kama unaitumia, itumie ikuulize maswali, usiiachie ikuandikie sifa.

Machi 2023 ndio mwezi ambao, kama ningepewa kufuta mmoja, ningefuta huo. Mteja mmoja aliniandikia kwa upole: "Samahani kaka, nimekosea kuandika link nikaona CV ya mtu mwingine." Viungo vyangu vya kupakua viliishia na namba zinazofuatana. Ya kwako 1041, ukiandika 1040 unaona ya jirani yako. Jina, simu, anwani, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), na simu za wadhamini watatu ambao hata hawajui kwamba tovuti yangu ipo. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nililijua kwa nadharia, nilishawahi kumkosoa mwenzangu kazini kwa kosa hilo hilo, na nikalifanya kwa sababu nilikuwa naharakisha violezo vya rangi ya bahari.

Nilifunga tovuti siku tatu. Nikapekua kumbukumbu za seva, nikakuta CV kumi na saba zilifunguliwa na mtu ambaye si mwenyewe. Nikawapigia wote kumi na saba. Hakuna aliyenishauri kupiga, na rafiki mmoja alinishauri ninyamaze. Kumi na watatu walisema sawa tu, wengine hawakuelewa tatizo liko wapi. Wawili hawakupokea. Mmoja alikata. Wa mwisho alikuwa mwalimu wa sekondari, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mdhamini wangu mmoja ni mkuu wangu wa zamani aliyenihifadhia siri kwamba natafuta kazi. Sasa nimwambie nini?" Nilimwomba radhi. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Baada ya hapo viungo vikawa herufi ndefu zisizobashirika, vinakufa baada ya saa ishirini na nne. Taarifa za mtu zinafutwa baada ya siku tisini asipoomba zibaki. Na namba ya NIDA nikaiondoa kwenye fomu kabisa, CV haiihitaji, niliiweka kwa sababu portal inaitaka. Usikusanye kitu ambacho hutaki kulala nacho. Tarehe 1 Mei mwaka huo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikaanza kutumika, na nikaisoma yote usiku mmoja nikiwa na jasho, nikihesabu vifungu ambavyo ningekuwa nimevivunja. Kama unajenga chochote kinachoshika majina ya watu Tanzania, isome kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu.

Julai fedha ilikwisha. Mtoto alikuwa na miezi miwili. Seva nalipa kwa dola, na dola iliyokuwa kama shilingi 2,300 nilipoanza ilikuwa inapanda kila nikitazama, mwanzoni mwa 2024 ikavuka 2,500. Nilipiga simu kwa bosi wangu wa zamani nikaomba kazi ya mkataba. Akanipa, na akaniomba nimtumie CV kwa ajili ya faili. Nilikuwa sina. Nilitumia tovuti yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza kama mteja, kwa simu, nikiwa kwenye daladala, na ilinichukua dakika hamsini na moja. Nilikata tamaa mara mbili. Kuandika maelezo marefu kwa kidole gumba ni adhabu, na mimi nilikuwa nimewatoza watu fedha kwa adhabu hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Ubungo. Sijui hasa kwa nini. Nilichapisha karatasi mbili zisizo na maana, kisha nikamwambia yule kijana wa kontena ukweli, kwamba nina tovuti ya CV na haiendi, naomba nikae kwenye benchi nitazame anavyofanya kazi. Akacheka. "Kaa, bosi. Ila usije ukaniibia wateja."

Nilikaa kuanzia saa tatu hadi saa kumi. Waliingia watu kumi na tisa wa CV na maombi ya kazi. Hakuna hata mmoja aliyetazama muundo. Wanaingia na bahasha, wanatoa vyeti, wanaketi. Yeye anauliza, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta: "Form four umemaliza wapi? Mwaka? Umewahi kufanya kazi popote? Hata dukani? Miezi mingapi? Ulikuwa unafanya nini pale, unauza au unapanga?" Dada mmoja alisema hana uzoefu wowote. Kwa maswali manne ikajulikana amesimamia kibanda cha miamala cha mjomba wake miaka miwili, anafunga hesabu kila jioni. Kijana akaandika. Dada akaitazama ile sentensi kana kwamba inamhusu mtu mwingine.

Mimi nilikuwa nauza karatasi. Yeye alikuwa anauza maswali, na karatasi inatoka yenyewe. Tena anakagua vyeti, anaviunganisha kuwa faili moja, anamkumbusha mtu kusaini barua ya maombi, anamfungulia portal. Alikuwa na daftari kubwa la kaunta limeandikwa nywila za wateja wake, ukurasa kwa ukurasa, na nilipolifungua nywele zilinisimama, lakini baada ya Machi yangu sikuwa na mdomo wa kumsema mtu.

Na kila mteja, akishachapiwa, alisema neno lile lile: "Nitumie na ya Word." Neno hilo nilikuwa nalisikia kwenye WhatsApp tangu siku ya kwanza. Nililikataa mwaka mzima. Niliamini nikitoa Word nimempoteza mteja, atabadilisha mwenyewe hatarudi. Sikujua kwamba PDF yangu, mtu akiipeleka steshenari kubadilisha kitu kimoja, inaandikwa upya kutoka mwanzo kwenye faili lile la zamani. CV zangu safi zilikuwa zinakufa Ubungo.

Nilimtengenezea toleo lake. Fomu inafuata mpangilio wa maswali yake. Namba ya simu ya mteja ndiyo ufunguo, akirudi baada ya miezi mitatu anatumiwa msimbo kwa ujumbe mfupi, taarifa zake zinafunguka. PDF na Word vyote vinatoka. Analipia kwangu shilingi mia tatu kwa kila CV, kutoka kwenye salio analoweka kabla. Nilitaka mia tano. Alinipigia hesabu ya wino, karatasi, umeme na kodi ya kontena, na nikamwelewa. Kwa mteja bado anatoza elfu tano, ila sasa anamaliza kwa dakika nane badala ya ishirini, na makosa ya namba za simu yamepungua.

Wa pili alimleta yeye. Wa tatu aliletwa na wa pili. Kufikia Aprili 2024 zilikuwa steshenari ishirini na sita: Ubungo, Kimara, Mwenge, Mbagala, mbili Morogoro, moja Dodoma. Mwezi ule waliandika CV elfu mbili na mia moja na kitu. Ukizidisha utaona si utajiri. Inalipa seva, ujumbe mfupi, na kijana mmoja anayejibu simu. Kazi ya mkataba bado ninayo. Ule mlango wa mtu binafsi kujaza mwenyewe niliuacha wazi, bure.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom chini ya bahari zilikatika, intaneti ikalegea nchi nzima. Jumatatu tovuti yangu ilikuwa hai, lakini haifunguki kwa mtu. Simu zilianza saa mbili asubuhi, steshenari moja baada ya nyingine. Ubungo peke yake hakupiga. Nikaingiwa na wasiwasi, nikaenda.

Kontena lilikuwa limejaa. Yeye yuko kwenye kiti chake, anachapa kwa haraka, na kwenye kioo limefunguka lile faili la Word. Hakuwahi kulifuta. "Mtandao wako umegoma, bosi," alisema bila kugeuka, "watu wana madirisha yao." Nikaegemea kaunta nikatazama karatasi inavyotoka kwenye printa, mteja wake akisimama kuipokea, dada mmoja wa makamo aliyevaa hijabu. Niliisoma kabla hajaikunja. Jina lake, shule zake, wadhamini watatu. Na chini kabisa: kusoma Biblia, kutazama mpira, kusafiri.